Pampu ya Pili ya Duara Namba Saba

Majibu ya wingi wa virusi yalirudi kutoka maabara Jumanne asubuhi, na kabla chai haijachemka tabibu Muzamil alikuwa ameshamhukumu mgonjwa.

"Elfu nne na mia tatu," alisema, akiisukuma karatasi kupitia dirisha la kutolea dawa. "Huyu Werema wako. Mwaka jana alikuwa chini ya hamsini. Unajua maana yake, Dada Rahima?"

Rahima, mfamasia wa kituo kile cha afya, aliisoma karatasi mara mbili, maana hakuwa na desturi ya kusoma kitu mara moja. Alijua inaweza kuwa na maana nne au tano. Muzamil alikuwa na moja.

"Pombe," alisema Muzamil.

"Hanywi pombe. Ameandikwa hivyo kwenye faili, kwa mwandiko wako."

"Basi ameanza."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu dhahabu ionekane katika shamba la mihogo la mzee Rubeni, upande wa Ringwani, na watu kumiminika kutoka Tarime, Sirari na hata ng'ambo ya mpaka, kila mmoja na sururu yake na mjomba aliyemhakikishia kwamba safari hii ni kweli. Machimbo yale yaliitwa Kwa Rubeni. Jina ndilo lililombakia Rubeni. Shamba lilikuwa mashimo. Katika ripoti za afya wachimbaji waliitwa "kundi maalumu". Katika vikao waliitwa "wale watu". Muzamil, aliyekuwa mkuu wa kituo, alikuwa na nadharia moja inayoeleza ugonjwa wowote wa wale watu, kuanzia malaria hadi kuvunjika mguu, na ilikuwa na faida kubwa ya kutohitaji vipimo.

Rahima alifungua kompyuta. Werema, miaka thelathini na minne, alikuwa amemeza dawa zake za virusi kwa miaka mitatu bila kosa, kidonge kimoja kila asubuhi. Miezi miwili na nusu iliyopita alikutwa na kifua kikuu, jambo ambalo halikumshangaza yeyote anayejua vumbi la kuchoronga mwamba mkavu. Akaanzishiwa dawa za kifua, na ndani yake mna rifampisini. Kwa sababu ya rifampisini, mwongozo ulitaka aongezewe kidonge cha pili cha dolutegravir, dawa ya virusi iliyomo pia katika kile cha asubuhi, kila jioni. Rahima alikuwa amekitoa mwenyewe, katika kichupa cheupe cha peke yake, na juu yake ameandika kwa kalamu nyeusi: WEREMA. KIMOJA KILA JIONI. Akapiga mstari chini ya jina.

"Tumbadilishie," alisema Muzamil. "Daraja la pili. Tumalize."

"Dawa za daraja la pili nilizonazo kabatini hazikai na rifampisini. Atameza kidonge kizima, damu itaona vumbi lake."

"Basi tusubiri amalize TB."

"Miezi mitatu na nusu, huku virusi vinajifunza kuizoea hii aliyonayo?"

Muzamil alitazama saa yake, kama afanyavyo mtu aliyeulizwa swali lenye jibu refu. Utaratibu, alisema, uko wazi: ushauri wa ufuasi wa dawa mara tatu, miezi mitatu ya kumeza sawasawa, kisha kipimo kingine. Kikirudi zaidi ya elfu moja, dawa imeshindwa. Akamkabidhi fomu ya ushauri na kwenda kunywa chai.

Rahima alibaki na fomu. Hesabu aliyoifanya kichwani ilikuwa fupi. Werema alikuwa na kamba moja tu ya kumtoa shimoni, na kuna mtu alikuwa anaikata. Rejista ilionyesha kwamba vichupa vyake vilichukuliwa kwa wakati, kila mwezi, na Ochieng. Huyu alikuwa fundi pampu wa duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia. Watano wa duara lile walikuwa kwenye dawa, wamejiandikisha kama kikundi, na mmoja wao aliwachukulia wote. Mpango huo ni wa wagonjwa walio imara. Mwenye kifua kikuu si imara na hakupaswa kuchukuliwa dawa na mtu. Lakini kutoka machimboni ni kilomita tisa na Werema alikuwa akikohoa kila baada ya hatua kumi, hivyo kuna mtu alitoa ruhusa.

Aliyetoa ruhusa alikuwa Rahima. Alilikumbuka hilo vizuri, bila msaada wa kompyuta.

Alipanda bodaboda saa nane mchana.

*

Duara namba saba lilikuwa shimo la mraba lililozungushiwa magogo ya matimba, na pembeni pampu ya dizeli ikinguruma na kutema maji ya matope kwenye mfereji. Mzee Heche, msimamizi, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake kulikuwa na turubai lenye rundo la mawe yaliyotolewa asubuhi, na mkononi ameshika kopo la rangi la lita nne.

"Shikamoo, mzee Heche."

"Marahaba, dokta. Subiri tugawe. Mgao haukatizwi."

Rahima akasubiri. Kwanza Heche alitoa kando makopo ya gharama: ya dizeli, ya matimba, ya mishumaa. Hayo hakuyaulizia mtu. Kisha la mwenye leseni. Yaliyobaki akayagawa kwa vichwa, kopo kwa kopo, akisawazisha juu kwa kipande cha ubao. Jiwe moja lililozidi lilipigwa nyundo mpaka likagawika. Rahima, aliyewahi kufanya kazi katika maabara mbili zenye vyeti, hakuwa ameona usahihi kama ule kwa muda mrefu.

Werema alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kibanda, amejifunika koti mchana kweupe.

"Naomba tuongee pembeni," Rahima alimwambia.

"Pembeni ya nini, dokta? Wale wasiomeza njugu, hizi dawa zetu, wameenda karashani kusaga mawe. Tuliobaki hapa ni kikundi. Sema tu."

"Vidonge vya jioni. Unavimeza?"

"Namaliza vyote nilivyopewa."

"Unapewa thelathini kila mwezi."

"Napewa sita," alisema Werema.

Pampu ilinguruma. Ochieng, aliyekuwa akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, alijisogeza mbele kama mtu anayesubiri kupongezwa.

"Ziligawanywa poa kabisa, madam. Thelathini kwa watu watano, sita sita. Hakuna mtu alionewa. Mimi ndio nazibeba na sijawahi kuongeza hata moja kwa mfuko yangu."

"Niliandika jina kwenye kichupa."

"Tuliliona," alisema Heche. "Na mstari tuliuona. Lakini hata leseni ya duara hili ina jina la mtu mmoja, yuko Mugumu, nyundo hajawahi kushika. Jina ni la karatasi, dokta. Kinachoingia kwenye duara ni cha duara."

Rahima alifungua begi, akaitazama fomu ya ushauri wa ufuasi. Ilikuwa na visanduku kumi na viwili vya sababu za mgonjwa kutomeza dawa. Kulikuwa na kusahau, pombe, unyanyapaa, umbali, imani za dini. Hapakuwa na kisanduku cha mgonjwa kugawana dawa yake kwa haki na uaminifu mbele ya mashahidi.

"Na dawa za kifua nazo mmegawana?"

"Zile hapana," Ochieng alijibu haraka. "Zile ni zake yeye. Tuliona mkojo yake, madam. Rangi kama soda ya machungwa. Tukasema huyu abebe mzigo yake mwenyewe."

"Kumbe haki ya duara huishia kwenye rangi ya mkojo."

Werema alicheka mpaka kikohozi kikamkata. Heche hakucheka.

"Mimi zile sita zilinisaidia," alisema. "Siku hizo napiga nyundo kama mura, kijana wa miaka ishirini."

"Hazikukusaidia kitu, mzee wangu. Cha asubuhi kilikuwa kinakutosha. Ulichopigia nyundo ni ugali."

Akavuta jiwe, akakaa. Hakupenda mifano. Chuoni alikuwa amefundishwa na mwalimu aliyesema mfano ni ukweli uliovaa nguo za kuazima. Lakini alitazama pampu, akatazama shimo, akaona kwamba siku hiyo ukweli ungelazimika kuazima.

"Ochieng, shimo lenu linaingiza maji kutoka wapi?"

"Kwa ukuta. Yanatiririka pande zote."

"Na pampu ikiwa moja?"

"Chini yanafika kwa magoti."

"Zikiwa mbili?"

"Kifundo cha mguu. Tuliazima ya duara la tisa mwezi uliopita, tukaona hata mawe."

"Sawa. Tumbo la mtu lina ukuta, na dawa hupenya kwenye ukuta huo kuingia kwenye damu, kama hayo maji. Ndani ya ukuta mna vijipampu vidogo vya mwili wenyewe. Kazi yake ni kukamata kitu kigeni kinachopenya na kukirudisha kilikotoka, utumboni, kiende na uchafu. Kila mtu anavyo. Wewe unavyo, mzee Heche anavyo. Kidonge kimoja kimepimwa kikijua hivyo: kiasi fulani kitatupwa, kitakachobaki kinatosha kulaza virusi."

"Magotini," alisema Ochieng.

"Magotini. Ninyi mnataka maji yaishe. Mimi nataka yabaki magotini, usiku na mchana. Sasa dawa ya kifua, ile ya rangi ya soda, ikiingia mwilini inaamuru ukuta utengeneze pampu nyingi zaidi. Na ini nalo inaliambia liongeze kasi ya kuivunja dawa. Pampu zinatupa, ini linavunja. Werema akimeza kidonge kimoja kama ninyi, yeye anabaki na maji ya kifundo cha mguu. Virusi havizami kwenye kifundo cha mguu. Ndiyo maana nikampa cha pili. Hakuwa amezidishiwa. Alikuwa analetwa usawa wenu."

Mzee Heche aliligeuzageuza kopo la rangi mkononi.

"Kwa hiyo yeye ana pampu mbili," alisema.

"Tuseme mbili."

"Na sisi moja moja."

"Ndiyo."

"Lakini madam," Ochieng aliingilia, "ukisema yeye apewe mbili na sisi moja, si ni kama kusema yeye ni watu wawili?"

"Kukohoa anakohoa kama watatu," alisema Heche. "Apewe basi makopo matatu ya mawe."

"Mawe ninyi mnajuana. Mimi nawaambia kuhusu dawa. Kipimo kilichorudi leo kinasema virusi vyake vimeamka. Vikiendelea kuonja dawa kidogo kidogo, vitaizoea, na ikishazoeleka haitamfaa tena. Nyingine iliyopo kabatini kwangu, hizo pampu zinaitupa vibaya zaidi. Sina ya tatu."

Werema alikuwa amesikiliza muda wote akichora chini kwa kijiti, kama mtu anayesikia habari za jirani. Sasa aliinua uso.

"Dokta, nimebakiza muda gani?"

"Wa dawa za kifua, miezi mitatu na nusu. Wa kuishi, waulize hawa."

Rahima aliwaona wakipata shida ya kweli, na kwa mara ya kwanza mchana ule alielewa kwamba hawakuwa wabishi. Mtu mmoja akianza kupokea mara mbili leo kwa sababu anaumwa, kesho mwingine atadai kopo la pili kwa sababu mkewe amejifungua, na keshokutwa patakuwa na mapanga. Mgao ndio uliofanya watu wanane wenye nyundo walale jirani. Werema mwenyewe asingeomba kuvunjiwa sheria hiyo. Hakuwa ameomba kwa miezi miwili na nusu, na alijua kabisa kwamba kidonge ni chake.

Heche ndiye aliyelipata jibu.

"Hiyo pampu ya pili," alisema taratibu, "haikuja na mtu. Imekuja na ugonjwa."

"Ndiyo."

"Na ugonjwa ukiisha, pampu inaondoka."

"Inaondoka."

"Basi hicho kidonge si mali. Mali ndiyo inagawiwa. Hicho ni gharama." Aliwageukia wenzake. "Ni dizeli. Nani amewahi kudai kopo lake la dizeli?"

Hakuna aliyewahi.

Rahima alifungua mdomo. Katika mfano wake kidonge kilikuwa maji. Kama kulikuwa na dizeli popote, basi ni rifampisini, maana hiyo ndiyo iliyoendesha pampu. Kukiita kidonge dizeli ilikuwa kuugeuza mfano miguu juu kichwa chini. Mwanafunzi angeandika hivyo kwenye mtihani, Rahima angemkata alama zote na kumwandikia pembeni kwa wino mwekundu.

"Umesema kweli, mzee," alisema. "Ni dizeli."

"Dizeli anatunza fundi pampu," alisema Heche. "Ochieng, utakaa nayo. Saa kumi na mbili jioni ukijaza tangi, unampa Werema chake mbele ya watu. Akiwa shimoni, apande. Pampu haisubiri."

"Na vile mlivyokwisha kugawana?" aliuliza Rahima. "Kuna mtu amebakiza?"

Wakatazamana. Mmoja akaingia kibandani akarudi na vitatu kwenye karatasi ya sigara. Mwingine alikuwa na viwili. Heche alivua kofia, akatoa kimoja kwenye pindo lake; alikuwa amekiweka, alisema, kwa siku yenye mwamba mgumu.

*

Kwenye fomu Rahima aliandika, chini ya "mengineyo", sentensi moja: *Dawa ya ziada ilichukuliwa kuwa mali ya kikundi, imekubalika kuwa gharama ya uendeshaji.* Muzamil alisaini bila kusoma, kama alivyosaini fomu zote, na akamkumbusha asisitize suala la pombe.

Rahima alikwenda machimboni mara mbili zaidi kukamilisha ushauri, kwani utaratibu unasema mara tatu hata kama mgonjwa ameelewa mara ya kwanza na tabibu hajaelewa bado. Hakukuta cha kushauri. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano Ochieng alikuwa akizima pampu, anamwaga dizeli kwenye tangi, ananawa mikono, kisha anaita jina la Werema kwa sauti ya kuita abiria. Werema anameza, anafungua mdomo, Heche anachungulia kooni. Wachimbaji wa duara la nane walikuja kutazama siku za mwanzo, wakidhani ni dini mpya. Katika kituo chake, penye saa tatu za ukutani na mabango kumi na manne ya ufuasi, Rahima hakuwa na mgonjwa aliyemeza kwa saa kamili namna ile.

Miezi mitatu ilipotimia akachukua damu. Wiki mbili baadaye karatasi ikarudi: chini ya hamsini.

Wageni kutoka ngazi za juu walikuwapo kituoni wiki hiyohiyo, na Muzamil aliwasomea kisa hicho kama mfano wa mafanikio ya ushauri dhidi ya ulevi katika kundi maalumu. Walipiga makofi. Mmoja akaomba nakala. Rahima alikuwa dirishani akihesabu vidonge, akaendelea kuhesabu.

Siku Werema alipomaliza dawa za kifua walikuja watatu, yeye, Heche na Ochieng, kwa pikipiki moja, Heche akimweleza Rahima jinsi walivyomfukuza mlinzi wa duara wiki ile. Werema alikuwa amenenepa shingo. Rahima alimsomea jibu lake.

"Hamsini ya nini?" aliuliza Werema.

"Virusi, katika mililita moja ya damu. Viko chini ya hapo."

Werema aliitikia kwa kichwa polepole, akamtazama Ochieng, Ochieng akatazama viatu vyake.

Heche alitoa kichupa cheupe mfukoni na kukiweka dirishani. Jina lilikuwa limefutika, limebaki na mstari.

"Pampu imezimwa leo," alisema. "Dizeli iliyobaki tunarudisha. Ni kumi na sita. Hesabu."

"Bado wiki mbili, mzee. Aendelee kumeza mara mbili."

"Za nini? TB imeisha. Pampu ikizimwa imezimwa."

"Hizi haziondoki siku hiyohiyo. Mwili ulishazitengeneza, zinabaki zinatupa dawa mpaka zichakae. Huchukua kama wiki mbili."

Heche alikunja uso. Aliona kitu kinachofanana na ujanja wa ofisini.

"Yule mlinzi mliyemfukuza," alisema Rahima, "aliondoka siku mliyomfukuza?"

"Bado ako hapo," alisema Ochieng. "Jana alikula na sisi."

Heche alifikiri. "Wiki mbili," alikubali.

Rahima alimwaga vidonge kwenye sinia, akahesabu kumi na vinne, akavirudisha kwenye kichupa na kuandika upya juu yake. Akamkabidhi Ochieng, si Werema, na Werema akaona ni sawa. Viwili vilibaki kwenye sinia. Akafungua rejista ya dawa zilizorejeshwa.

Wanaume wote watatu waliinama dirishani.

"Hivyo viwili ni vya nani?" aliuliza Heche.

"Vya kituo."

"Vinagawiwa?"

"Havigawiwi."

"Gharama," alisema Heche, lakini hakuondoka mpaka alipomwona Rahima ameandika mbili.